Nuru Nyekundu Ufukweni na Nyumbani: Manufaa ya Kichujio cha Rangi Juu ya Tochi



Usiku mmoja wa msimu wa kusi uliopita, baada ya swala ya Isha, sisi kina mama wachache pamoja na watoto wetu tulikuwa tukitembea ufukweni, upande wa kusini wa Diani. Mwezi ulikuwa haujachomoza na maji yalikuwa yamejaa. Mbele yetu tukaona kitu kikubwa cheusi, mfano wa jiwe, kikijikokota kutoka majini. Alikuwa kasa. Alipanda mchangani kwa taabu, akipumzika kila baada ya hatua chache, nasi tukasimama tukimtazama. Hapo mtoto mmoja, kwa furaha na bila ya nia mbaya, akawasha tochi ya simu na kummulika usoni. Kasa akasimama. Alikaa kitambo kama anayesikiliza, kisha akageuka polepole, akarudi baharini na mayai yake tumboni.

Tulirudi nyumbani kimya. Kila mmoja wetu aliyewahi kushikwa na uchungu wa uzazi alijua mwenzake anafikiria nini.

Siku chache baadaye tulimsimulia jambo hilo mzee mmoja, mvuvi wa miaka mingi. Hakutulaumu. Alisema, "Wanangu, taa ni mwito. Sisi twawaitia dagaa kwa karabai nao huja. Nyinyi mlimmulika kasa naye akakimbia. Tafuteni kipande cha plastiki nyekundu, mkifunge juu ya tochi zenu." Kwa kipande hicho cha plastiki tukaanza kujifunza mambo ambayo hatukuyatarajia, mengine ya ufukweni na mengine ya chumbani, jikoni na barabarani. Tumeona ni haki yenu kuyapata, pamoja na hadhari zake, kwani rangi iwekwayo juu ya tochi husaidia pahala pengine na pahala pengine hudanganya.

Kichujio hufanya nini?

Nuru nyeupe si rangi moja. Ni mkusanyiko wa rangi zote, kama upinde wa mvua unavyotuonyesha. Wataalamu huzipima rangi hizo kwa urefu wa mawimbi yake: buluu ni karibu nanomita 450, kijani karibu 530, na nyekundu huanzia kama 620 kwenda juu.

Tunapoweka plastiki nyekundu mbele ya tochi, plastiki hiyo haiongezi kitu katika nuru. Inafanya kazi ya chujio la tui: buluu na kijani huzuiliwa, nyekundu hupita. Ndiyo maana tochi yenye kichujio hufifia, na ndiyo maana kichujio hakiwezi kutoa rangi ambayo haikuwamo ndani ya tochi tangu mwanzo. Jambo hili dogo ndilo msingi wa yote yatakayofuata. Mwenye kutumia kichujio yampasa ajiulize kila mara: kinanipunguzia nini, na je, kilichopunguzwa nakihitaji au sikihitaji?

Tochi nyingi tunazonunua siku hizi, pamoja na zile za simu, ni za LED. Nuru yake huonekana nyeupe, lakini ndani yake mna buluu kali. Buluu hiyo ndiyo inayowasumbua zaidi wanyama wa usiku, na hata sisi wenyewe.

Haki ya mgeni wa ufukweni

Katika bahari ya Kenya wanapatikana kasa wa aina 5, nao watu wa pwani tunaowafahamu zaidi ni kasa wa kawaida na ng'amba. Kasa jike huishi maisha yake yote baharini, na hutoka nchi kavu kwa ajili ya kutaga tu. Hurejea katika fukwe za eneo alikoanguliwa yeye mwenyewe, tena baada ya kungoja miaka 20 au zaidi mpaka apevuke. Huchimba shimo kwa mapezi yake ya nyuma, hutaga mayai yapatayo 100 au zaidi, huyafukia, kisha huondoka asiwaone wanawe milele. Baada ya takriban miezi miwili makinda huanguliwa, na aghalabu hutoka mchangani usiku.

Makinda hayo hayana mama wa kuyaongoza. Mwenyezi Mungu ameyapa maongozi yake: huelekea kule kuliko na mwangaza zaidi chini ya upeo wa macho. Katika ufuo usio na taa mwangaza huo huwa ni bahari, ambayo huakisi nuru ya nyota na mwezi, wakati nyuma yao kuna giza la miti. Lakini panapokuwa na taa kali za majumba, mahoteli na tochi, kinda hugeuka na kuzifuata taa. Likipotea hivyo huishia kinywani mwa kaa, mbwa au kunguru, au hukaushwa na jua la asubuhi.

Macho ya kasa huiona vyema buluu na kijani, na huiona kwa udhaifu nyekundu iliyo ndefu ya mawimbi. Ndiyo sababu wanaolinda viota hutumia tochi nyekundu. Hapa kwetu kazi hiyo hufanywa na Diani Turtle Watch, mradi wa shirika la Local Ocean Conservation lililoanzishwa Watamu mwaka 1997, pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na wanavijiji wenyewe. Kasa wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, hivyo kumsumbua kasa, kuchukua mayai yake au kuuza nyama na mafuta yake si jambo la kuonewa haya tu, bali ni kosa la jinai.

Hata hivyo, tochi nyekundu si ruhusa ya kummulika kasa tutakavyo. Nuru bora kwake ni kutokuwa na nuru kabisa. Tukikutana naye anapanda ufuo, tuzime taa, tusimame au tuketi, na tusimpite kwa mbele. Mpaka aanze kutaga, yu tayari kurudi baharini kwa jambo dogo kabisa. Tukilazimika kuona njia, tuelekeze tochi nyekundu chini, karibu na miguu yetu, kwa muda mfupi. Picha zenye mmweko ni mwiko. Simu nayo ifichwe, kwani kioo chake ni taa pia. Kisha tuwaarifu wanaohusika: KWS, walinzi wa viota, au kamati ya BMU ya bandari iliyo karibu.

Na kwa wale ambao nyumba zao zimeikabili bahari, ihsani ni kuielekeza taa ya nje upande wa bara, kuifunika kwa juu, au kuizima watu wanapolala. Hilo halihitaji hata kichujio.

Macho yetu wenyewe gizani

Tuliyoyajifunza kwa ajili ya kasa tukayakuta yanatuhusu sisi pia. Ndani ya jicho la mwanadamu mna seli za aina mbili za kupokea nuru. Moja hufanya kazi mchana na hutuonyesha rangi. Nyingine hufanya kazi katika mwangaza hafifu, nayo hutegemea dutu iitwayo rodopsini. Mtu anapotoka penye taa na kuingia gizani, macho huhitaji dakika 20 hadi 30, na pengine zaidi, kuijenga dutu hiyo hata aone vizuri. Nuru nyeupe huivunja kwa sekunde chache tu. Nuru nyekundu iliyo hafifu haiigusi sana, kwa sababu seli za giza karibu haziioni nyekundu.

Hapa ndipo manufaa ya nyumbani yanapoonekana.

Mama anayemnyonyesha mtoto usiku wa manane huwasha taa nyeupe ili aone, na mtoto aliyekuwa nusu usingizini huamka kabisa. Si ajabu. Nuru yenye buluu huuambia ubongo kwamba kumekucha, na mwili hupunguza kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi. Nuru nyekundu hafifu huathiri kidogo sana. Tochi ndogo yenye kichujio, ikiwekwa sakafuni mbali na uso wa mtoto, yatosha kuonyesha ziwa, nguo safi na mlango wa msalani. Mama naye akimaliza hupata usingizi upesi zaidi.

Vivyo hivyo katika chumba wanamolala wengi. Anayeamka kwa tahajudi, au kwa kupika daku mwezi wa Ramadhani, anaweza kutafuta mtandio, ndala na kibiriti bila ya kumwamsha mgonjwa au mzee. Stima inapopotea, kama ilivyo kawaida yake nyakati za mvua, tochi nyekundu humwezesha mtu kutembea ndani bila ya kubaki kipofu pale atakapoizima.

Na kwa wenye kutazama mbingu, iwe ni mabaharia wanaokitafuta Kilimia, watoto wanaojifunza majina ya nyota, au wazee wanaotoka uani kuiangalia Alfajiri ikianza kutandaza weupe wake mashariki, nuru nyekundu huwawezesha kusoma saa au daftari bila ya kupoteza uwezo wa kuona ule weupe mwembamba wa mwanzo.

Lakini kuna jambo moja ambalo kichujio hakiwezi kulitibu. Rodopsini hutengenezwa kwa vitamini A. Mtoto anayejikwaa kila magharibi inapoingia, hali wenziwe wanaona njia, huenda anapungukiwa na vitamini hiyo. Huo ni upofu wa usiku, na ukipuuzwa waweza kumharibia mtoto macho kabisa. Dawa yake haimo dukani mwa tochi. Imo katika mapapai na maembe mabivu, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mchicha, kisamvu, mayai na maini, na katika matone ya vitamini A ambayo zahanati zetu huwapa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka mitano. Mwenye mtoto wa namna hii amfikishe zahanati, asingoje.

Manjano na wadudu wa masika

Kila mama wa Kwale anaujua usiku wa kumbikumbi. Mvua ikipiga na kuacha, huja kwa maelfu na kuizunguka taa, na chakula kilicho mezani hakiliki tena. Wadudu wengi wa usiku huvutwa na mawimbi mafupi ya nuru, yaani buluu na yale ya zambarau yasiyoonekana kwa macho yetu. Kichujio cha manjano iliyokolea au rangi ya chungwa huyapunguza mawimbi hayo, na kwa hivyo taa huwavuta wadudu wachache zaidi. Kwa kulia chakula uani au kumsomeshea mtoto barazani, manjano ni bora kuliko nyekundu, kwa sababu huacha mwangaza wa kutosha wa kusoma.

Tunawaomba, hata hivyo, asitoke mtu akasema kwamba taa ya manjano hufukuza mbu. Haifukuzi. Mbu aambukizaye malaria hatutafuti kwa taa. Hutufuata kwa pumzi zetu, joto la miili yetu na harufu ya ngozi zetu, naye huuma gizani watu wakiwa wamelala. Katika kaunti kama yetu, ambako malaria ingalipo, chandarua chenye dawa hakina mbadala, hasa kwa mjamzito na kwa mtoto mdogo.

Buluu, kijani na nge wa makuti

Nge ana ajabu yake. Akimulikwa kwa nuru ya urujuanimno, ile isiyoonekana iliyo ng'ambo ya zambarau, mwili wake hung'aa rangi ya kijani kibichi kama kaa la ajabu. Wenye nyumba za makuti na wenye marundo ya kuni uani wanaweza kumtafuta kwa njia hiyo kabla ya watoto kulala. Baadhi ya watu husikia habari hii wakafunga karatasi ya buluu juu ya tochi, wakazunguka chumba chote, wasimwone nge, wakalala kwa amani. Amani hiyo ni ya uongo. Tulisema mwanzo kwamba kichujio hakitoi kisichokuwamo. Tochi ya kawaida ya LED haina urujuanimno wa kutosha, na karatasi ya buluu haitauumba. Kwa kazi hiyo inahitajika tochi maalumu, kama zile zinazotumiwa kukagua noti bandia, nayo isielekezwe machoni mwa mtu.

Nuru ya buluu inatukumbusha pia habari ya watoto wachanga. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi mkuu aliyeitwa Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto njiti nje wapate hewa na jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto aliyekuwa na manjano mwilini. Ngozi yake ilikuwa imerudi katika hali njema, isipokuwa pale palipokuwa pamefunikwa na shuka. Kutokana na jicho la muuguzi huyo ikaanza tiba ya nuru, na leo hospitali duniani kote huwalaza watoto wenye manjano chini ya taa za buluu zenye nguvu maalumu, macho yao yakiwa yamefunikwa.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, tochi ya nyumbani yenye plastiki ya buluu si tiba hiyo na haikaribii nguvu yake. Pili, manjano ya mtoto hayaonekani sawasawa chini ya taa yoyote ya rangi. Mtazameni mtoto mchana, karibu na dirisha. Bonyezeni ngozi ya kipaji au kifua kwa kidole na kukiachia, muangalie rangi inayobaki, na muangalie pia weupe wa macho. Manjano yakionekana katika saa 24 za mwanzo, au yakishuka mpaka miguuni, au mtoto akilegea na kukataa ziwa, safari ni ya hospitali saa hiyo hiyo, iwe Msambweni au kwengine kulikokaribia.

Pale rangi inapotudanganya

Hili ndilo sehemu ambayo tungeomba isomwe kwa sauti nyumbani, hasa mbele ya mabinti wanaowauguza wadogo zao.

Chini ya nuru nyekundu, kitu chekundu kilicho juu ya cheupe hupotea. Damu juu ya shuka nyeupe inaweza isionekane kabisa. Mama aliyejifungua karibuni, anayehofu kwamba anatoka damu kupita kiasi, asijikague kwa tochi nyekundu hata kidogo. Ni vivyo hivyo kwa kidonda, kwa upele, na kwa mtoto aliyeanguka usiku. Ondoeni kichujio kwanza, muwashe nuru nyeupe, hata ikiwa nyumba nzima itaamka.

Vidonge navyo hubadilika sura. Kidonge cha waridi na kidonge cheupe huonekana sawa, na mistari myekundu katika kijikaratasi cha dawa hufutika. Dawa isipimwe wala isinywewe chini ya taa ya rangi.

Barabarani, kutoka Likoni kupita Ukunda na Msambweni mpaka Lunga Lunga, magari huenda mbio hata usiku. Dereva akiona taa nyekundu hudhani ni nyuma ya gari au pikipiki inayoelekea anakoelekea yeye. Anayekwenda kwa miguu na atembee upande ambao magari yanamjia usoni, avae au ashike kitu cheupe, na nuru yake ya mbele iwe nyeupe, imeelekezwa chini ili isimpofushe dereva.

Baharini hatari ni kubwa zaidi. Kwa kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizowekwa mwaka 1972, taa nyekundu ni alama ya ubavu wa kushoto wa chombo na kijani ni ubavu wa kulia. Chombo kidogo cha tanga kisichotimia mita 7, na kile cha makasia, kikikosa taa hizo, kinatakiwa kiwe na tochi au taa nyeupe tayari mkononi, ioneshwe mapema ili kuepusha mgongano. Basi mke anayemfungia mumewe vitu vya kwenda kuvua, kutoka Gazi, Shimoni au Vanga, amwekee tochi mbili. Yenye kichujio ni ya kutazamia nyavu na chambo ndani ya ngalawa. Nyeupe, iliyojaa chaji, ni ya kuonwa na vyombo vingine, na haifungwi plastiki ya aina yoyote.

Namna ya kukitengeneza na kukijaribu

Kichujio hakihitaji fedha nyingi. Majalada angavu ya plastiki ya rangi, yale yanayotumika kujalidia kazi za wanafunzi katika maduka ya vifaa vya shule, ni mazuri na hudumu. Karatasi laini zinazong'aa za kufungia zawadi za harusi hufaa pia, ila ni nyembamba na zahitaji kukunjwa mara 3 au 4. Kata duara iliyo kubwa kidogo kuliko kioo cha tochi, ilaze juu yake, kisha uikaze kwa mpira wa kufungia au utepe wa gundi, pasibaki upenyo pembeni. Anayependa asitengeneze anaweza kutafuta tochi ya kichwani iliyo na balbu yake nyekundu. Hiyo hutumia betri kidogo zaidi, kwa kuwa haitoi nuru ili ikazuiliwe.

Majaribio ni mawili, na watoto huyapenda. La kwanza, ingieni chumba chenye giza mmulike kitu cha buluu, kama leso au kifuniko cha ndoo. Chini ya kichujio chekundu kilicho kizuri, buluu huonekana nyeusi tititi. Ikiwa bado mnaona buluu, ongezeni tabaka. La pili, chukueni CD kuukuu, hata ile ya kaswida iliyokwisha kukwaruzika, mmulike upande wake unaong'aa na kuugeuza kidogo mpaka rangi zijitokeze. Bila ya kichujio mtaona upinde mzima. Kwa kichujio kizuri hubaki nyekundu tu, na mstari wa buluu ukionekana bado, mwajua kwamba kinavuja.

Hadhari ya mwisho ni ya moto. Plastiki na karatasi ni za tochi za LED, ambazo hazipati joto kali. Zisifungwe juu ya kibatari, koroboi, taa ya chemni, wala tochi za kizamani zenye balbu za moto. Hata tochi ya simu isiachwe ikiwaka kwa muda mrefu chini ya kifuniko.

Wasomaji wetu, kwa wiki kadhaa baada ya usiku ule tulirudi ufukweni, mara hii tukiwa na tochi mbili ndogo zilizofungwa majalada mekundu, na watoto ndio waliokuwa wakituonya tusizungumze kwa sauti. Kasa yule hatukumwona tena, na kama tungemwona tusingemtambua. Lakini alfajiri moja, mbali kidogo kusini, pahala ambapo hakuna nyumba wala taa, tulikuta alama mbili za mapezi mchangani, moja ya kupanda na moja ya kushuka, na kati yake mchanga uliovurugwa. Mtoto yule aliyewasha simu ndiye aliyekwenda mbio kuwaarifu walinzi wa viota. Walipokuja waliweka vijiti na kamba kuzunguka mahali pale, nasi tukahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani.